Mwenyekiti wa Masufuria

Nilichaguliwa kuwa kiongozi kwa sababu ya mlango. Wengine huchaguliwa kwa hekima, wengine kwa maneno matamu, wengine kwa kuwa baba zao walikuwa viongozi. Mimi nyumba yetu ya Ilomba, hapa Mbeya, ina stoo ambayo mume wangu aliijenga siku alizokuwa anaota kununua gari, na mlango wake ni mpana. Gari halikuja. Kikundi chetu cha akina mama cha kufa na kuzikana kiliponunua masufuria makubwa, yale ambayo mtu mzima anaweza kuketi ndani akaoga, ikaonekana hakuna nyumba nyingine mtaani ambayo yangepita mlangoni bila kung'oa fremu. Yakaletwa kwangu. Ulipofika mkutano wa uchaguzi, mama mmoja akasimama akasema haina maana masufuria yakae huku na mwenyekiti akae kule, tutakuwa tunabisha hodi mara mbili. Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa bado nakunywa chai.

Nilidhani ni kazi ya kutunza ufunguo. Kumbe nimekabidhiwa mtaa mzima, walio hai na wanaoelekea kule. Mtu akifa kwetu, mimi napata habari kabla ya baadhi ya watoto wake. Lazima nijue nani ana kuni kavu, nani amegombana na nani wasikae jiko moja, nani akipewa vitunguu akate analia kwa sauti mpaka wafiwa wanatoka nje kuangalia. Kuna wanaokuja na kisu lakini hawaji na mikono. Kuna wanaokaa karibu na moto wakisema "maharage yanaungua hayo", na hawanyanyuki. Wali ukiwa mzuri, Mungu ametenda. Wali ukiungua, ni mwenyekiti.

Na watu wakaanza kuniogopa. Siku moja nilisikia jirani wa barabara ya juu ana malaria, nikajifunga kanga yangu nikaenda kumjulia hali kama mtu yeyote mwenye utu. Mkewe alinikuta mlangoni, akanizuia kwa mkono. "Bado, mwenyekiti," akaniambia. Nikarudi nyumbani na machungwa yangu.

Sasa, mimi nina hasira za karibu, sifichi. Kuna mwaka mama mmoja mwenye duka pale kona alikuwa na sherehe ya kipaimara ya mwanawe, akaazima masufuria yote, na asubuhi ileile ukatokea msiba nyumba ya tatu kutoka kwake. Wafiwa wakawa wanachemsha maji ya ugali kwenye ndoo za bati. Nikamwendea, nikamwomba japo sufuria moja, akasema pilau yake iko njiani kuiva, msiba usubiri kidogo. Msiba usubiri! Nilimwambia amwage pilau kwenye mabeseni, na sikuondoka mpaka akaimwaga. Jumapili iliyofuata nikaitisha mkutano, nikapitisha sheria: msiba ukitokea, sherehe zote zinasimama, masufuria yote yanakwenda msibani, na kila mwanachama anakwenda msibani, awe nani awe nani. Nilirudia hayo maneno ya mwisho nikimtazama mama wa dukani. Naye akanyoosha mkono wa kwanza kabisa kuunga mkono. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini.

Sheria ile sijaijutia hata leo. Ni sheria nzuri sana, hasa inapomkuta mwenzio.

Binti yangu mkubwa anafanya kazi Mafinga, na huko akapata mchumba, fundi seremala, kijana wa watu, mikono yake inanuka mbao za misonobari hata akiwa amevaa suti. Mimi mwenyewe asili yangu ni Mufindi, niliolewa nikaja Mbeya, kwa hiyo wale watu nawajua. Mtu wa kwetu hasahau alichokula kwako, na ambacho hakukila hasahau zaidi. Ndugu wa kijana wakatuma habari kwamba watakuja Jumamosi kujitambulisha, wakiongozwa na shangazi yake. Nilipouliza kwa siri shangazi huyo ni mtu wa namna gani, nikaambiwa kuna familia moja Njombe ilimpa chai ya rangi na tangu siku hiyo hakuna aliyeoa tena upande ule.

Binti alikuja nyumbani Alhamisi. Jioni tukawa tunachambua mchele, akasema bila kunitazama: "Mama, nakuomba kitu. Hiyo Jumamosi uwe mama yangu tu. Usiwe mwenyekiti."

Nikacheka, nikamuuliza tofauti iko wapi. Yeye hakucheka. Akasema siku ya mahafali yake ya chuo nilikuwa nimesimama nyuma ya ukumbi nikielekeza watu kwa simu waweke maji kiasi gani. Akasema kwenye picha zote nina simu sikioni. Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo wote, maana mtaa ulikuwa na afya njema, hata yule jirani wa malaria alikuwa amepona anaendesha baiskeli.

Jumamosi alfajiri simu ikalia. Mzee wa nyuma ya uzio wetu amefariki.

Huyu mzee tulikuwa na kesi naye isiyoisha. Mparachichi wangu ulikuwa unadondosha matunda juu ya bati lake, na kila yalipodondoka alitoka akasimama kwenye uzio akinilaumu kwa Kinyakyusa na Kiswahili vilivyochanganyika, huku parachichi lenyewe amelishika kwapani kama ushahidi. Ushahidi huo hakuwahi kuurudisha. Nilipokata simu, nasema kweli tupu, jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa mzee. Lilikuwa: watu mia moja na ushee, maharage, kuni zimelowa na mvua ya jana, na wageni wanafika saa sita.

Nikamwamsha mume wangu awapigie wakwe waahirishe. Mume wangu ni mtu mpole, akitaka kugombana na mtu humwomba radhi kwanza. Alipiga simu haikupatikana, akapiga tena, mwishowe ikapokelewa. Nikamsikia anasema "aa, mmeshapita Makambako, aa, vizuri, aa, mnaimba, vizuri sana, karibuni sana." Akakata simu akaniambia wako njiani na wana furaha.

Basi nikafungua stoo. Masufuria yakatoka moja moja kwenda nyuma ya uzio, na akina mama nao, wale wale niliokuwa nimewaomba waje kunipikia. Nilibaki na sufuria moja ya ukubwa wa kati. Ile sikuitoa. Nilijiambia kwamba ni ya kati, kwamba sheria inasema masufuria yote lakini roho ya sheria ni masufuria makubwa, na mambo mengine ambayo viongozi hujiambia. Nikaibandika jikoni, nikaweka wali wa wageni, nikamwachia binti yangu, nami nikakimbilia msibani nikawashe moto ndipo nirudi.

Nilirudi nikamkuta mama wa dukani amesimama jikoni kwangu. Alikuwa amevaa vizuri, kanga mpya, sauti yake laini kama ya mtu anayemwamkia mchungaji.

"Mwenyekiti, pole na majukumu," akasema. "Nimefuata ile sufuria ya kati. Nimeambiwa wali umeshaanza kuchemka. Usihangaike, nimekuja na mabeseni."

Na kweli, alikuja na mabeseni. Mawili, yamesuguliwa yanang'aa. Ninaamini yalikuwa yameoshwa tangu mwaka ule wa kipaimara yakisubiri. Tuliumimina wali pamoja, yeye ameshika sikio hili na mimi sikio lile, mbele ya macho ya binti yangu. Ulikuwa mbichi nusu, maji juu. Binti akavua aproni, akaitundika, akaenda chumbani kwake akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Ningeweza kubaki. Lakini mjane wa yule mzee alikuwa ameshanitumia ujumbe mara mbili, na wale wanawake bila mtu wa kuwaambia nani asonge nani achote wangekesha wakipishana heshima. Nikaenda, nikishika mwiko ule mrefu kama kasia, nikawa nasonga ugali na hasira zangu zote. Mume wangu aliachwa nyumbani na suti yake, awapokee wageni peke yake.

Yaliyotokea getini nilisimuliwa baadaye. Gari lilisimama, wakashuka watu wazima wenye afya, wanawake kwa wanaume, wote wameshona kitenge kimoja cha rangi ya machungwa chenye maua ya kijani. Shangazi alikuwa mbele. Alisikia vilio nyuma ya nyumba, akauliza kuna nini, mume wangu akaanza kueleza kwa kuomba radhi. Shangazi akamkatiza. Kwao hawapiti penye msiba wakaenda kukaa sebuleni wakanywa soda. Tupelekeni kwanza tukatoe pole, akasema, mambo mengine baadaye. Mume wangu akawaongoza, naye amefurahi kupata mahali pa kuwapeleka.

Mimi nilikuwa kwenye moshi. Niliinua macho nikaona rangi ya machungwa inaingia chini ya turubai mstari mmoja, na watu wanawapisha kwa heshima, wanawapa viti vya mbele. Nikajua hao ni wakwe. Lakini msemaji wa familia ya marehemu hakujua. Yeye aliona kilichoonekana na kila mtu: gari kutoka Iringa, watu wamevaa sare, wamekaa wametulia na mikono mapajani. Kwetu huku sare namna ile msibani ina maana moja tu. Akachukua kipaza sauti akasema familia imeguswa mno na kwaya iliyosafiri kutoka mbali kuja kumsindikiza mzee, ndaga fijo, yaani asanteni sana, na kwamba hawakujua kama mzee alikuwa na marafiki mpaka Iringa. Mchungaji akafungua Biblia akaifunga tena, akasema basi kabla ya neno, kwaya itupe nyimbo mbili.

Nilitaka kwenda kueleza, lakini nina mwiko mkononi na ugali haungoji maelezo. Shangazi akageuka akawatazama watu wake. Hawa ni Walutheri wa Mufindi. Mtu wa namna hiyo ukimwamsha usingizini ukamwambia "imba", atakuuliza sauti ya ngapi. Shangazi akasimama, akavuta pumzi, akaanzisha, na wenzake wakaingia chini yake, besi zikanguruma, turubai lenyewe likawa kama limeinuliwa. Mume wangu alikuwa amekaa katikati yao hana pa kutokea, akawa anafungua na kufumba mdomo na kuyumba pamoja nao, mtu pekee aliyevaa suti nyeusi, kila mtu akamchukulia kuwa ndiye mwalimu wa kwaya. Waliimba mbili. Wakaombwa ya tatu. Baada ya ya nne wafiwa wenyewe walikuwa wamesimama wanaimba, na mama mmoja aliyekuwa jirani yangu kwenye kuni akaniambia hii kwaya tuichukue namba, tutaihitaji.

Walipomaliza, wakapewa ugali kwa mboga za majani, maana maharage bado yalikuwa motoni, kisha shangazi akaja hadi jikoni kwetu. Alisimama mbele yangu akaangalia kanga yangu yenye masizi, mwiko, macho mekundu ya moshi.

"Samahani dada, namtafuta mwenyekiti."

Nikamwambia ndiye mimi.

"Na mama mzazi wa binti nitampata wapi?"

Nikamwambia ndiye mimi vilevile, na nikaona aibu mpaka kwenye vidole vya miguu. Akasema, bila ukali: "Basi tuchagulie mmoja twende naye ndani. Gari letu linarudi leo leo."

Nikampa mwiko mtu aliyekuwa karibu, sikuangalia hata ni nani. Nilinawa uso kwenye ndoo. Nyumbani nilimkuta binti ameketi kitandani na gauni lake jipya, nyusi zimetengenezwa, macho yamevimba. Nikamwambia wageni wako sebuleni na mimi nimekuja. Akasema: "Unanuka moshi, mama." Nikamwambia najua. Akaninyunyizia manukato yake, mengi mno, kama anayepulizia mbu dawa. Kisha mkono wake ukashika wangu tukatoka.

Wageni walikuwa wamepewa chai na ule wali wa mabeseni, ambao binti peke yake aliumalizia kwenye masufuria madogo ya nyumbani, kidogo kidogo, na walikuwa wanaula bila kulalamika, maana walikwisha kula ugali wa msiba. Shangazi akasimama akasema neno lake. Akamwuliza binti, kama desturi ilivyo, kama anawafahamu wageni hawa na kama baba yake awapokee. Pale ndipo mtoto anapojibu, na mama yake anakuwa amesimama ubavuni kwake. Binti akafungua mdomo.

Mlango ukagongwa. Mama wa dukani.

"Mwenyekiti, vijana wamerudi kutoka kuchimba kaburi," akasema, "maharage bado hayajaiva, na kuni zinatoa moshi tu. Tufanyeje?"

Sebule nzima ikanigeukia. Sura ya binti yangu sikuiangalia, niliuhisi mkono wake tu. Ulikuwa umelegea, unajitoa taratibu katika wangu, mkono uliozoea. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hata hakuvuta.

Nikaushika tena. Nikasema: "Muulizeni mwenyekiti."

"Si ndiye wewe?"

"Leo ni wewe."

Nilitegemea abishe. Nilitegemea japo aguswe na uzito wa jambo lenyewe, maana mimi nilikuwa nimeguswa. Hakubisha. Alisema "haya", akajikaza kanga kiunoni, akaondoka kwa haraka ambayo mpaka leo naiona haikuwa ya adabu.

Binti akajibu kwamba anawafahamu, na baba awapokee. Alisema vizuri, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Vigelegele tulipiga vya chini chini kwa sababu ya jirani. Wakaendelea na utaratibu wao, maneno na majibu, nami nilikuwepo, nilikuwepo kabisa, isipokuwa sikio moja. Sikio moja lilikuwa nyuma ya uzio. Mungu anisamehe, nilikaa kwenye uchumba wa mwanangu nikiombea maharage yaungue. Sikutaka yaungue sana. Nilitaka yaungue kiasi cha watu kusema, mwenyekiti yuko wapi.

Binti aliinamia sikio langu. "Mama, nimeshamaliza," akasema. "Nenda." Alikuwa anatabasamu. Nikatoka nikijitahidi nisikimbie mbele ya wakwe.

Msibani hapakuwa na kelele. Vijana wa kaburi walikuwa wanakula. Kuni zenye moshi zilikuwa zimeondolewa, kumeletwa mkaa kutoka dukani, maharage yamepakuliwa, vyombo vinaoshwa na wale wale wanawake ambao kwangu walikuwa hawaoshi mpaka wabembelezwe kwanza. Nikauliza nishike wapi. Mama wa dukani akanitazama kwa wema wa kweli, na huo wema nao ulinichoma. Akaniambia hakuna kazi, ninawe, nile, nipumzike. Nikala. Yalikuwa yameiva, chumvi imekaa sawasawa. Sijawahi kuumizwa na maharage matamu namna ile.

Nikatafuta pa kukaa. Viti vilikuwa vimejaa, nikaenda kwenye mikeka walikokaa wafiwa, karibu na mjane. Miaka yote ya uenyekiti wangu sikuwa nimewahi kufika kwenye mikeka hiyo, napitaga tu pembeni nikiuliza kama maji yanatosha. Nikakunja miguu. Hakuna aliyeniita. Hakuna aliyeniuliza kitu. Na pale, mikono yangu ikiwa haina kazi, ndipo nikajua kwamba yule mzee amekufa. Tangu alfajiri nilijua kuna msiba. Kwamba amekufa yeye, kwamba hatasimama tena kwenye uzio kunigombeza, hilo lilikuwa halijanifikia.

Nikalia. Nililia kwa sauti, bila mpangilio wowote, mpaka wanawake wa jikoni wakatoka kuangalia ni nani. Mjane, ambaye mimi ndiye niliyepaswa kumpa pole, akanivuta nikamlalia begani. "Pole, mwanangu," akasema. "Nilikuwa najiuliza utakuja saa ngapi."